Laptopu ya Pembeni Ilituokoa, na Bado Tukajifunza Somo Baya

Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya zile video za simu feki na chaja za soo tatu. Leo sina video. Nina stori ya draiva. Usiondoke, kwa sababu ndani yake kuna shosho mmoja wa Doldol, karo ya shule, na laptopu ambayo betri yake ilikuwa imekufa kitambo.

Kwa wale hawajui: draiva si dereva wa Nanyuki–Nyeri, ingawa kazi zao haziko mbali sana. Windows peke yake haijui kuongea na printa yako, wala kamera, wala kile kidude cha kusoma alama za vidole. Inahitaji mkalimani, programu ndogo iliyoandikwa kwa kifaa hicho, na huyo mkalimani ndiye draiva. Shida ni kwamba draiva nyingi hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali programu za kawaida haziruhusiwi kukanyaga. WhatsApp ikikwama, unaifunga tu na maisha yanaendelea. Draiva ya huko ndani ikikwama, mashine nzima inaenda nayo. Ile skrini ya bluu unayoijua, mara nyingi ni draiva imekosea.

Sasa stori. Nilikuwa kwa atachimenti katika ofisi moja hapa mjini, ofisi inayoweka akiba za watu na kuwapa mikopo. Sitaitaja, na ukiijua naomba ukae nayo kifuani. Ilikuwa na kompyuta 41, karibu zote ex-UK, zile laptopu zilizotumika kwa maofisi huko Uingereza zikaletwa huku zikiwa bado na stika za zamani. Kumi kati yake zilikuwa za aina moja, za kuhudumia wateja dirishani. Idara ya IT ilikuwa mimi, mwanafunzi wa diploma asiyelipwa, na fundi mmoja wa Nyeri anayeitwa moto ukishawaka.

Jumatatu ya kwanza ya shule kufunguliwa, Januari. Njaanuari yenyewe. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi kabisa, unaona theluji ya Batian kama imepakwa chokaa, na laini ya wateja ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwa muuza mahindi. Kila mtu anataka karo. Ili utoe pesa pale, unaweka kidole kwenye kisomaji, mashine inakutambua, unalipwa. Mteja wa kwanza akaweka kidole. Hakuna kitu. Akapanguza kidole kwa suruali, akaweka tena. Hakuna kitu. Dirisha la pili vilevile. La tatu, la nne, madirisha yote.

Kilichokuwa kimetokea nilikuja kukielewa baadaye. Zile laptopu ziliachwa zikiwaka Jumamosi na Jumapili, zikachukua masasisho ya Windows zenyewe, na ndani ya masasisho hayo kulikuwa na draiva mpya ya kisomaji cha vidole. Draiva mpya haikuelewana na programu ya zamani ya ofisi. Hakuna aliyebonyeza kitu. Hakuna aliyefanya makosa, ukitaka kusema hivyo. Lakini kufikia saa tatu asubuhi kulikuwa na watu zaidi ya sitini kwenye laini, na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa kile kitambulisho cha shingoni kilichoandikwa IT.

Dawa yenyewe ni rahisi. Unafungua Device Manager, unatafuta kifaa, kuna kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Dakika tano kwa kila mashine. Ila inataka paswadi ya msimamizi, na paswadi ilikuwa kwa kichwa cha fundi wa Nyeri, na simu ya fundi wa Nyeri ilikuwa imezimwa.

Kuna shosho alikuwa karibu na mbele. Alikuwa ametoka Doldol kabla ya alfajiri na matatu ya kwanza, na mjukuu wake alikuwa amesimama kando yake tayari na sanduku la bati, kufuli mpya, blanketi, kila kitu. Akaniita. “Kijana wangu, hiki kidole changu kimeharibika?” Nikamwambia, “Hapana shosho, ni mashine.” Akaangalia kidole chake tena, kama haniamini. Kazi ya shamba imefuta alama za vidole vyake nusu, kwa hivyo hata siku nzuri kile kidude humsumbua. Alidhani ni yeye. Hilo ndilo lililoniuma zaidi siku hiyo. Mtu amevunja usingizi, amelipa fea, pesa ni zake, na bado anajilaumu kwa kosa la mkalimani aliyebadilishwa usiku bila mtu kuambiwa.

Kilichotuokoa ni laptopu ya kumi. Ilikuwa pembeni, imefunikwa na mafaili, betri imekufa, na chaja yake ilikuwa imeazimwa na dada wa dirisha la tatu tangu Ijumaa. Kwa hivyo wikendi yote ilikuwa imezima. Haikupokea kitu. Nilipoiwasha nikang'oa waya wa mtandao wa nje haraka, nikaacha ule wa seva ya ndani tu, nikamwita shosho aweke kidole. Mara ya tatu kikakubali. Mashine moja ikahudumia laini nzima hadi saa nane mchana, fundi alipofika, akaomba chai kwanza, halafu akarudisha zile tisa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu.

Kesho yake Madam, meneja wetu, aliita kikao kifupi. Uamuzi: masasisho yote yazimwe kwenye kompyuta zote 41. Kila mtu akapiga makofi. Fundi akaifanya kazi hiyo siku hiyo hiyo, na kusema kweli sikuwahi kumuona na bidii kama ile. Na Madam si mtu mbaya. Alikuwa amesimama mbele ya laini ile akitukanwa na watu wanaomjua kwa jina. Mimi pia ningekuwa nimekasirika.

Lakini hebu tuangalie vizuri. Laptopu ya pembeni ilituokoa kwa sababu haikusasishwa *siku moja* na zingine. Hilo ndilo somo. Kama zote kumi zingekuwa zimesasishwa pamoja, tungelala hapo. Na ungependa kujua ajabu? Kama ni ile ya pembeni peke yake ingepata draiva mpya Ijumaa na zile tisa zikabaki na ya zamani, tungegundua shida Jumatatu kwa mashine moja, tukacheka, tukarudisha, na shosho angekuwa kwenye matatu ya kurudi saa nne. Bahati yetu ilikuwa ni mpango ambao hakuna mtu aliyeupanga. Sisi tukachukua bahati hiyo tukaitafsiri kuwa “masasisho ni mabaya.”

Na si ofisi ndogo za Nanyuki tu zinazoanguka hapa. Tarehe 19 Julai 2024, Ijumaa, kampuni ya usalama ya Marekani inayoitwa CrowdStrike ilituma faili moja dogo kwa kompyuta za wateja wake duniani kote. Saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa moja na dakika 9 asubuhi, wakati wewe unatafuta soksi. Faili hilo halikuwa draiva lenyewe, ila lilisomwa na draiva yao iliyoko kwenye kiini cha Windows. Draiva ilikuwa imetayarishiwa vipengele 20, faili likauliza cha 21, draiva ikaenda kusoma mahali hapana kitu, mashine zikafa. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Kampuni iliondoa faili baada ya dakika 78, lakini kompyuta iliyokwisha kuanguka haikuweza kuwaka ili ipokee marekebisho, kwa hivyo nyingi ililazimu mtu aende kwa mguu, mashine baada ya mashine, afute faili kwa mkono. Delta peke yake ilifuta safari za ndege karibu 7,000.

Kuna kitu kwenye kisa hicho watu hawakisemi sana. Baadhi ya wateja walikuwa waangalifu. Walikuwa wamepanga programu yenyewe ikae toleo moja nyuma, wengine wajaribu kwanza. Na bado waliangushwa, kwa sababu lile faili dogo halikufuata mpango huo, lilienda kwa wote kwa mpigo. Baada ya aibu hiyo ndipo kampuni ikaanza kutuma mafaili hayo kwa awamu na kuwapa wateja uwezo wa kuchagua. Yaani kampuni kubwa ya usalama ilifika mahali ambapo laptopu ya pembeni ilikuwa imefika kwa kukosa chaja.

Sasa najua mtu ameshaanza kuandika: “si basi bora kuzima tu?” Hapana buda. Kuzima ni kuahirisha deni, na deni hili lina riba.

Chukua mfano huu. Mwaka 2020 watafiti wa Sophos walieleza jinsi wezi wa RobbinHood, wale wanaofunga mafaili yako na kudai fidia, walivyokuwa wakiingia. Walikuja na draiva ya zamani ya kampuni ya Gigabyte, draiva halali yenye sahihi halali, ila ina tundu lililojulikana tangu 2018. Windows ikaona sahihi, ikaifungulia mlango. Ikishaingia kwenye kiini, wakaitumia kuua programu ya kulinda virusi, halafu wakafanya kazi yao polepole. Ona hapo: hata haikulazimu kompyuta yako iwe na draiva hiyo, walikuja nayo wenyewe. Kinachokulinda ni orodha ambayo Microsoft hutunza ya draiva za kukataa, na orodha hiyo husasishwa kupitia masasisho ya Windows. Yale yale tuliyozima kwa makofi.

Ofisi ile ina nambari za vitambulisho za watu, picha zao, alama za vidole, na akiba zao. Kidole huwezi kukibadilisha kama paswadi.

Kosa kubwa la uamuzi wa Madam, na nimekaa na hili muda mrefu, ni kwamba aliweka vitu viwili kwenye gunia moja. Masasisho ya usalama ya Windows ni kitu kimoja. Draiva ni kitu kingine. Viraka vya usalama vinafaa kuingia haraka, ndani ya siku chache, kwa sababu kikishatangazwa kila mwizi anajua tundu liko wapi. Draiva inaweza kungoja. Kama printa yako inachapisha vizuri leo, draiva mpya ya printa inaweza kukaa wiki tatu bila mtu kufa, isipokuwa imekuja kuziba tundu la usalama, hapo unaiharakisha. Na Windows inakuruhusu kutenganisha hivi viwili. Kwenye toleo la Pro kuna sera ya kuzuia draiva zisije pamoja na masasisho mengine, iko hapo tangu 2016, haina malipo. Unaiweka, viraka vinaendelea kuja, draiva unazileta wewe mwenyewe siku unayotaka. HP, Dell na Lenovo zote zina programu za bure za kuchukua draiva halali za mashine zao, hata hizo ex-UK.

(Nisikie mtu akiniambia anatumia ile flash ya fundi yenye “draiva zote za dunia.” Hiyo flash imeingia cyber ngapi kabla ya kuja kwako?)

Kampuni kubwa hutumia Intune. Pale mtu anakaa kwenye skrini moja, anaona draiva zinazongoja, anakubali hii, anakataa ile, anapanga kundi la kwanza lipate leo na la pili baada ya siku kumi. Ni kitu safi sana. Pia inalipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji, na najua ofisi nyingi kuanzia hapa hadi Karatina zikisikia “kila mwezi kwa dola” zinabadilisha mada. Sawa. Lakini akili iliyo ndani ya Intune haiuzwi, ni ile ya kuanza na wachache. Kwa kompyuta 41 unahitaji daftari.

Siongei kwa mafumbo, ni daftari kweli, au karatasi ya Excel. Fundi wetu hakujua tuna mashine za aina ngapi. Mimi nilizihesabu wiki ya mwisho ya atachimenti, kwa hiari yangu, nikapata aina sita. Hiyo ni muhimu kuliko inavyosikika, kwa sababu draiva imefungwa kwa kifaa. Ukijaribu kwenye HP ikafanya kazi, hujajua chochote kuhusu Dell iliyo meza ya pili. Kwa hivyo kundi lako la majaribio lazima liwe na angalau moja ya kila aina, ikiwa imeunganishwa na printa halisi na kisomaji halisi. Watu wa IT hupenda kujaribu kwenye laptopu yao wenyewe, mpya, nzuri, haina hata printa. Inapita, wanasema iko sawa, wanaachilia kwa wote. Umejaribu nini hapo? Mpe draiva mpya yule dada wa dirisha la tatu, yule anayepiga kelele printa ikichelewa dakika moja. Huyo ndiye kipimo. Mwambie mapema, mwonyeshe namna ya kukuita, na uhakikishe mashine ya jirani yake haijaguswa ili kazi isisimame.

Na uchague siku. Si Ijumaa, utaharibiwa wikendi. Si mwisho wa mwezi. Si wiki ya kufungua shule, kwa jina la Mungu. Jumanne au Jumatano ya katikati ya mwezi, baada ya saa tisa, stima ikiwepo. Kabla ya hapo nakili draiva za sasa kwenye flash safi. Windows ina amri ya pnputil inayotoa draiva zote ulizoongeza na kuziweka kwenye folda moja, dakika chache tu, ili kile kitufe cha kurudisha kikikataa bado una njia ya nyumbani. Halafu paswadi ya msimamizi iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, iwekwe kwenye sefu ya ofisi. Pesa za watu ziko humo, paswadi itashindwa vipi kutoshea?

Kuna mtu ataniambia ofisi ndogo haina mtu wa kufanya haya yote. Hapo nakubali kabisa, na hapo ndipo shida ilipo. Ofisi ile ina mtu wa kumwagilia maua. Ina mlinzi wa mchana na wa usiku. Ina mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha gari la meneja limefanyiwa sevisi kila kilomita 5,000, na hakuna anayesema sevisi ni mbaya kwa sababu mekanika aliwahi kufunga kitu vibaya. Lakini kompyuta 41 zinazobeba akiba ya watu wa Laikipia nzima zilikuwa mikononi mwa mwanafunzi anayebadilishwa kila miezi mitatu. Nilipoondoka, aliyekuja baada yangu alikuta paswadi hakuna, daftari hakuna. Daftari langu nilimwachia fundi. Mnajua lilienda wapi.

Na nyinyi mnaosomea IT pale Kimathi, au chuo chochote cha huku milimani, wacha niwaambie kitu: kila mtu anataka kuwa hakari. Sijaona mtu akiweka kwenye CV yake kwamba anajua kusasisha draiva za ofisi nzima bila laini kufika kwa muuza mahindi. Ningekuwa na ofisi ningemwajiri huyo kwanza.

Juzi nilipita pale kuweka pesa za mama. Zile laptopu bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ni za kizazi ambacho Windows 11 haikikubali rasmi. Hiyo ni stori nyingine na ina machozi yake. Nikamwona Madam, akanisalimia vizuri, akauliza kama nimepata kazi. Nikamwambia bado, halafu nikajikaza nikamwambia yale yote niliyowaandikia hapa, nikiwa nimesimama tu hapo kwa kaunta kama mwendawazimu.

Akanisikiliza. Akauliza itachukua siku ngapi.

Nikamwambia mbili za kuhesabu mashine na kupanga, halafu jioni moja kila mwezi.

Akauliza pesa ngapi. Nikataja. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaniambia nirudi mwisho wa mwezi ukipita. Kisomaji cha dirisha la tatu kilikuwa kimefungwa kwa selotepu.